Mazungumzo ya Nyumbani: Udongo Mwekundu au wa Manjano?



Kiangazi kimeingia, mavuno yako ghalani, na kuta zimekauka. Huu ndio wakati ambapo baba wa nyumba hutazama bati lake, na mama wa nyumba hutazama kuta zake. Ndivyo ilivyo hapa kwetu Kondoa kila mwaka, na nadhani hata kwenu. Kwa hiyo leo nataka tuzungumze habari ya kupaka rangi chumba kimoja, tena kwa rangi mbili tu: nyekundu ya udongo na manjano ya udongo. Zote mbili ni rangi za joto, maana mtu akizitazama hukumbuka moto na jua. Zote mbili hupatikana bila kwenda dukani. Basi ipi yafaa ndani ya nyumba?

Labda mtauliza, karani wa parokia ajua nini habari ya rangi? Ni kweli, kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, wala mimi si fundi. Lakini nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kutengeneza rangi za picha za darasani kwa udongo na uji wa muhogo, maana si kila shule ina fedha za kununua rangi. Tena jambo hili limenipata nyumbani mwangu mwenyewe, likanifundisha neno ambalo chuoni sikulisikia. Nitawaeleza yote, hata sehemu inayoniaibisha.

CHUMBA CHA MAMA

Baba alipofariki, mama alikaa peke yake miaka miwili katika tembe letu la zamani. Mwaka jana alikubali kuja kukaa kwetu. Tukamtengenezea chumba upande wa machweo, chenye dirisha moja dogo. Kuta zake ni za matofali mabichi yaliyosiribwa kwa udongo. Mimi kwa kutaka kumheshimu mama nikanunua rangi ya mafuta, nyeupe ya maziwa, nikaipaka juu ya ule udongo. Ilipendeza kwa miezi michache. Mvua zilipoanza, rangi ikavimba kama malengelenge, kisha ikabanduka vipande vipande.

Sababu yake ni hii. Ukuta wa udongo hunywa unyevu na kuutoa tena. Rangi ya mafuta huuziba, na unyevu ukikosa njia huisukuma rangi mpaka ianguke. Fedha yangu ilikwenda bure. Mke wangu hakusema neno, ila kila asubuhi alivifagia vile vipande mbele yangu, polepole.

Basi mwaka huu tukapatana kuparua rangi yote iliyobaki na kupaka udongo. Hapo tulipatana. Lakini udongo gani? Mke wangu akasema wa manjano. Mimi nikasema mwekundu. Sababu zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza, tembe alilotulea mama lilikuwa jekundu ndani na nje, nami niliona kwamba wekundu ule utamtuliza moyo. Ya pili, katika mabaki ya rangi nyeupe kulikuwa na mstari mchafu ukutani, ukianzia kitandani mpaka mlangoni, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Nikasema, hii ni mikono ya watoto wetu, nao hawatakoma. Wekundu utaficha uchafu. Ukumbukeni mstari huo, maana nitaurudia.

UDONGO WENYEWE NI NINI

Kwanza fahamuni kwamba rangi hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Kinachotia rangi katika udongo wa manjano na katika udongo mwekundu ni kitu kimoja, chuma, yaani kutu. Tofauti ni kwamba katika ule wa manjano kutu imeshikana na maji. Sisemi maji ya kumwagika, bali maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe. Ukiuchoma udongo huo mpaka joto lifike karibu nyuzi 300, maji yale hutoka, na manjano hugeuka nyekundu. Waliowahi kuchoma matofali wamekwisha kuona: udongo waingia tanurini una umanjano, watoka mwekundu. Mnaweza kujaribu nyumbani. Wekeni udongo mkavu wa manjano katika kigae juu ya moto mkali, koroga kwa kijiti, na baada ya muda utauona unageuka mbele ya macho yako.

Watu wa nchi nyingine walilijua jambo hili tangu zamani. Huko Italia uko mji uitwao Siena, na udongo wa sehemu zile umepata sifa kwa wachoraji wa dunia nzima. Huutumia kwa namna mbili, mbichi wenye umanjano, na wa kuchomwa wenye wekundu. Na sisi wa Kondoa hatuna haja ya kwenda mbali. Ninyi mliopanda milima ya Kolo mmeiona michoro iliyomo katika miamba, watu na wanyama, na mingi yake ni myekundu. Mwaka 2006 UNESCO iliitia michoro hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Vizazi vingi vimepita, na wekundu ule ungaliko.

Ndiyo faida ya kwanza ya rangi ya udongo: haichujuki kwa jua. Faida ya pili, haiharibiwi na chokaa, kwa hiyo ukitaka kuipunguza ukali waweza kuichanganya na chokaa bila hofu. Faida ya tatu, huuacha ukuta wa udongo upumue. Na hasara yake nisiifiche: haistahimili maji ya mvua. Ni rangi ya ndani ya nyumba.

NAMNA YA KUITENGENEZA

Udongo twautoa kwenye makorongo, chini ya udongo wa juu wenye mizizi, mahali pasipokojolewa na ng'ombe. Lakini nawaonya, msichimbe chini ya ukingo mrefu. Kingo za makorongo huanguka ghafula na kufukia watu. Chukueni ule uliokwisha kuporomoka.

Upondeponde, uutie katika ndoo ya maji, ukoroge sana, kisha ungoje kidogo. Mchanga utazama upesi. Yale maji yenye tope yamimine katika ndoo ya pili kwa kuyachuja na kitambaa, na mchanga uutupe. Acha ndoo ya pili usiku kucha. Asubuhi utaona maji safi juu na udongo laini kama malai chini. Maji yamwage, udongo ule ndio rangi yako.

Sasa pika uji mwepesi wa muhogo, uache upoe, uuchanganye na udongo. Uji ndio gundi. Kipimo chake hutegemea udongo wako, kwa hiyo ujaribu kwanza mahali padogo na kungoja pakauke. Ukipapangusa kwa kiganja na mkono ukatoka na vumbi, ongeza uji. Ukiona rangi inapasuka na kujikunja, uji umezidi. Tengeneza rangi ya siku hiyo tu, maana uji ukilala siku mbili huchacha na kunuka.

Kabla ya kupaka, lowesha ukuta kwa burashi yenye maji. Kisha paka mara mbili, nyepesi nyepesi, wala usipake mara ya pili kabla ya ya kwanza kukauka.

Ukitaka rangi iliyofifia, tumia chokaa iliyolowekwa vema badala ya uji, ukiitia udongo kidogo kidogo. Udongo usizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa, la sivyo itatoka vumbi daima. Tena jihadharini, chokaa huunguza ngozi na yaweza kupofusha. Ikiingia jichoni, lioshe papo hapo kwa maji mengi safi, kwa muda mrefu, kisha nenda zahanati bila kuchelewa. Watoto wasikae karibu.

TULIVYOZILINGANISHA

Mimi na mke wangu hatukutaka kushindana kwa maneno. Tukapaka ukutani viraka viwili vilivyopakana, kila kimoja ukubwa wa gazeti hili likifunguliwa, tukangoja vikauke. Na hili nawasihi mlifuate: msihukumu rangi ikiwa mbichi. Rangi ya udongo ikilowa huwa nyeusi nyeusi, ikikauka hupauka.

Asubuhi, jua likiwa upande wa pili wa nyumba, kiraka chekundu kilikuwa kama damu ya mzee. Kilipendeza, lakini ukuta ulionekana kukusogelea, kana kwamba chumba kimepungua. Kiraka cha manjano kilikuwa kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na pembe ile ya chumba ilikuwa na nuru.

Jioni mambo yakageuka. Jua la machweo likaingia dirishani, na wekundu ukawaka kama makaa yaliyopulizwa. Nikamwita mke wangu nikamwambia, "Waona sasa?" Akatazama kidogo akasema, "Naona, baba. Lakini jua hilo hukaa saa moja, na mama hukaa humu siku nzima."

Usiku tukazitazama kwa taa. Kwa taa ya mafuta yenye mwanga wa kimanjano, kiraka cha manjano kilionekana karibu cheupe, na chekundu kikawa cha kahawia, kimetulia. Kwa taa ya sola, ambayo mwanga wake ni mweupe wa baridi, chekundu kilizimika kikawa kama ini lililokauka. Cha manjano kilipoteza joto lake kidogo, lakini nuru yake haikupotea. Nyumba nyingi vijijini sasa zina taa za sola, kwa hiyo jambo hili si dogo.

Kisa chake ni kwamba ukuta wa rangi iliyokolea humeza mwanga, na ukuta wa rangi nyepesi huurudisha. Chumba chenye dirisha dogo kikipakwa wekundu uliokolea chote, mtawasha taa mapema jioni, na mtoto anayesoma atainamia daftari. Manjano hurudisha mwanga mwingi zaidi, na mwanga wenyewe unakuwa wa joto, hauumizi macho kama chokaa nyeupe wakati wa jua kali. Kwa upande mwingine, manjano huonyesha moshi, mikono na matope yote. Wekundu husamehe hayo. Ndiyo sababu wazee wetu walipaka wekundu mahali pa kupikia na sehemu ya chini ya ukuta.

Basi mpaka hapo kila mmoja wetu alikuwa na haki yake.

MAMA ANAULIZWA

Siku ya tatu tukamwuliza mama. Nakiri kwamba ndiye aliyepaswa kuulizwa siku ya kwanza.

Nikamwambia, "Mama, wapenda ipi katika hizi?"

"Yoyote, mwanangu."

"Lakini chumba ni chako, mama."

"Mimi ni mzee. Pakeni mnayoona ninyi."

Nikamwuliza mara ya pili na ya tatu, jibu likawa lile lile. Hasira ikanishika. Moyoni nikasema, mama ana kinyongo kwa kuwa tumemtoa katika nyumba yake, ndiyo maana hataki kusema neno jema juu ya hii. Nikamweleza mke wangu hivyo. Akanijibu, "Mama hana kinyongo. Liko jambo." Sikumsikiliza. Siku mbili nzima sikuongea na mama habari ya rangi, nikawa namsalimu kwa kifupi na kwenda zangu ofisini.

Siku ya tano, mchana kweupe, binti yetu wa darasa la pili aliingia chumbani kwa bibi yake. Mama alikuwa ameketi kitandani, nami nilikuwa nje ya dirisha nikikoroga udongo. Nikamsikia mtoto akiuliza, "Bibi, kipi kizuri, hiki au hiki?"

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwani viko viwili, mjukuu wangu?"

Wasomaji wapenzi, kijiti kilinianguka mkononi. Toka kitandani mpaka ukutani ni hatua nne. Nikaingia ndani, nikautazama tena ule mstari mchafu uliotoka kitandani mpaka mlangoni. Kimo cha kiuno cha mtu mzima! Mtoto wa darasa la pili hafiki pale ila kwa kuinua mkono juu. Haukuwa uchafu wa watoto. Ulikuwa mkono wa mama, aliyekuwa akipapasa ukuta kila siku kutafuta mlango. Na mimi, mwanawe, nilitaka kuufunika kwa rangi nyekundu ili usionekane.

Hapo nikakumbuka mengine. Mama alikuwa ameacha kuchagua mchele. Alikuwa akitusalimu baada ya sisi kusema neno, si kabla. Kikombe cha chai alikipokea kwa mikono miwili, nasi tukadhani ni adabu za kizamani tu. Nilipomwuliza kwa nini hakutuambia, alisema, "Mmekwisha kutumia fedha nyingi kwa ajili yangu. Nikaona uzee ndio huu, nikanyamaza."

MTOTO WA JICHO

Tulimpeleka kwa daktari wa macho. Akamtazama, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nitaeleza kwa kifupi, maana najua katika nyumba nyingi yuko mzee kama mama yangu.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna kioo kidogo kinachopitisha mwanga. Kwa wazee wengi kioo hicho huingia ukungu polepole, bila maumivu. Mtu huona kama anayetazama kupitia kioo cha taa chenye masizi. Rangi huchanganyika na kuwa za kahawia, mwanga mkali humchoma, na mipaka ya vitu hupotea. Duniani kote huu ndio ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko magonjwa mengine ya macho, na lakini watibika. Daktari hukitoa kioo chenye ukungu na kutia kioo kingine kilichotengenezwa na watu. Kazi hiyo ya kutia kioo ilifanyika mara ya kwanza London mwaka 1949, na siku hizi hufanyika katika hospitali nyingi, hata hapa Tanzania. Hakuna dawa ya matone inayouondoa ukungu huo, wala msikubali mtu awatilie wazee wenu majani au maji ya mti jichoni. Tena yako magonjwa mengine ya macho, kama presha ya jicho, ambayo yakicheleweshwa, nuru iliyopotea hairudi. Kwa hiyo msikisie wenyewe, mpelekeni mzee akapimwe.

Na msidhani ni wasioelimika tu wanaopatwa na kuchanganya rangi. Huko Ufaransa alikuwako mchoraji mashuhuri, Claude Monet, ambaye kazi yake yote ilikuwa rangi. Mwaka 1912 daktari alimwambia ana mtoto wa jicho. Akaogopa kupasuliwa, akaendelea kuchora, na ilimbidi kusoma majina yaliyoandikwa juu ya rangi zake ili azitambue. Picha zake za miaka ile zimejaa wekundu na hudhurungi. Alipasuliwa jicho moja mwaka 1923, akaona tena, akaendelea na kazi mpaka alipofariki mwaka 1926. Ikiwa bwana wa rangi alipatwa na hayo, mama yangu ana aibu gani?

TULIVYOPAKA

Mama alipewa siku ya kupasuliwa, lakini ilikuwa bado majuma kadhaa. Nikamwuliza daktari namna ya kukitengeneza chumba wakati wa kungoja. Akanifundisha neno moja lililomaliza ugomvi wangu na mke wangu. Mtu mwenye macho dhaifu hasaidiwi na jina la rangi, husaidiwa na tofauti kati ya chenye kung'aa na chenye giza. Ukuta wote ukiwa wa namna moja, mlango hupotea. Lakini kitu cha giza kikikaa kando ya kitu cheupe cheupe, jicho hata likiwa na ukungu hukipata. Wala weupe mtupu haufai, kwa kuwa humchoma kwa mng'ao.

Basi tukaichanganya manjano na chokaa mpaka ikawa kama siagi, tukapaka kuta zote. Kisha kwa udongo mwekundu uliokolea tukapaka mkanda toka sakafuni mpaka gotini, na mkanda mwingine wenye upana wa shubiri mbili kuuzunguka mlango na dirisha. Siku ile ile mama alisimama kitandani, akatazama kwa muda, akasema, "Naona mlango. Uko kama kivuli cha mti." Akaenda moja kwa moja bila kugusa ukuta. Mke wangu akatoka nje upesi akajifanya anawafukuza kuku.

Kwa hiyo mkiniuliza ipi ni bora, jibu langu ni hili. Kwa chumba chenye dirisha dogo, kwa anayesoma na kwa mzee, kuta ziwe za manjano iliyochanganywa na chokaa. Wekundu uwe chini, milangoni na jikoni, mahali pa miguu, moshi na mikono. Chumba kikubwa chenye madirisha mawili chaweza kupakwa wekundu chote, nacho kitapendeza hasa jioni. Lakini paka viraka kwanza, uvitazame asubuhi, mchana, jioni na kwa taa unayoitumia kweli.

Na wenye nyumba za saruji mnaonunua rangi za dukani, nina onyo moja. Rangi za mafuta za manjano inayong'aa na nyekundu inayong'aa ndizo zilizozoea zaidi kutiwa madini ya risasi. Risasi ni sumu. Mtoto akila vumbi lake huharibika akili, na haiponi. Shirika la Afya Duniani lashauri risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi. Mwulizeni mwenye duka kopo lililoandikwa kwamba halina risasi, na rangi ya zamani msiiparue kavu watoto wakiwapo. Ilowesheni kwanza, kisha vumbi lifukieni mbali. Mimi niliparua ile yangu kavu, mlango wazi, na watoto wakicheza kizingitini. Msinifuate katika hilo.

Mama alipasuliwa jicho moja mwezi uliopita. Kitambaa kilipoondolewa alimtazama mke wangu kwanza, akamwambia, "Umekonda, mwanangu." Tulipofika nyumbani akaingia chumbani kwake, akazitazama kuta zote nne moja baada ya moja, bila kusema kitu. Mimi nikangoja mlangoni kama mwanafunzi anayengoja kusahihishiwa daftari. Mwishowe akanyosha kidole kwenye pembe ya juu, karibu na mtambaa wa panya.

"Pale juu," akasema, "umeruka."

Ni kweli, niliruka. Nimekwisha kuweka udongo majini. Jumamosi nitapaziba.

Kwa leo yatosha. Nanyi mkimwuliza mzee wenu anapenda nini, naye akijibu "yoyote tu", msikasirike upesi kama nilivyokasirika mimi. Ketini naye kidogo, mtazame na ukuta ulio karibu na kitanda chake.

Wasalaam,
Karani wenu wa parokia